Mstari wa Tisa

Godoro lilikuwa linauzwa kwa mara ya tatu. Mwanamke wa kwenye televisheni alilibonyeza kwa ngumi, akalipandia kwa magoti, kisha akaweka glasi ya maji juu yake na kuapa kwamba haimwagiki hata tone. Fundi lifti alikuwa amesimama mlangoni, begi la kazi bado begani, akimtazama mdogo wake anavyotazama godoro.

"Unataka kununua?" aliuliza.

"Ninalo tayari. Silipendi."

"Sasa mbona unaangalia?"

Mdogo wake alielekeza kidevu sakafuni. Rimoti ilikuwa imelala kifudifudi kwenye vigae, hatua moja kutoka kwenye gurudumu la kiti chake.

"Imeanguka saa ngapi?"

"Godoro la kwanza."

"Na mama yuko wapi?"

"Jikoni."

Kutoka kwenye kile kiti mpaka jikoni ni hatua kumi na moja. Mama yao alikuwa ametumikia swichibodi ya simu miaka ishirini na saba, akiunganisha simu za watu, na sikio lake halikustaafu pamoja naye. Ukimwita aliitika kabla jina halijafika mwisho, na alishakuwa mlangoni akifuta mikono kabla hujasema unataka nini. Hakuna aliyekuwa tayari zaidi kuitwa. Na bado mtu mzima wa miaka thelathini na minne alikuwa ameketi saa nzima anatazama godoro, mdomo ameufunga.

Ajali ilikuwa na miaka miwili. Alikuwa msoma prufu, anayesahihisha kurasa kabla hazijawa kitabu, katika kiwanda cha uchapaji, na wenzake walimwita Prufu mpaka hata nyumbani wakazoea. Siku moja alipanda ngazi kwenye stoo ya karatasi, ngazi ikateleza, akaangukia shingo. Madaktari walimrudisha nyumbani na hesabu iliyo wazi: miguu, hapana; mikono inanyanyuka mpaka usawa wa kifua, si zaidi; vidole gumba viwili na vya shahada viwili ni vizima, vingine ni nusu. Kichwa hakikuguswa. Hilo la mwisho daktari alilisema kama anatoa zawadi, na Prufu akajibu kwamba angependa kuulizwa kwanza.

Mwaka wa kwanza aliita. Aliita maji, aliita dirisha, aliita mto wa mgongo, aliita mtu aje amkune sikio, na akiitikiwa aligomba. Fundi, dada yake, ambaye kwa tabia huhesabu vitu, alihesabu siku moja akiwa likizo: mara arobaini na tatu kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni. Mwaka wa pili sauti ikaanza kupungua. Wiki iliyopita alihesabu tena, akapata sita. Mama alisema mtoto anapata nafuu. Yeye hakubishana naye, lakini alijua kwamba kwenye ile hesabu ya madaktari hakijaongezeka kidole hata kimoja. Mgonjwa alikuwa palepale. Kilichopungua ni kuita, na mtu anayeacha kuita pole pole huacha na kutaka.

Aliokota rimoti, akatoa kwenye begi kamba nyembamba yenye ndoano, akaifunga kwenye mkono wa kiti. Kazini kwake hakuna spana inayopanda juu ya lifti bila kufungwa kamba, kwa sababu kitu kinachoweza kuanguka kitaanguka, tena juu ya kichwa cha mtu. Alijiona mjinga kwamba imemchukua miaka miwili kuitoa kamba ile begini.

"Hiyo ni moja," alisema. "Sasa niambie kuhusu kompyuta yako."

"Ipi? Ile iliyokufa?"

"Haijakufa. Imekaa."

Ilikuwa kompyuta ya mezani, kasha kubwa jeusi, na ilikuwa imekaa chumbani kwake chini ya meza tangu ajali. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa nne asubuhi, Prufu alikuwa akicheza gemu la mpira na rafiki yake kinyozi, yeye chumbani kwake na kinyozi nyuma ya duka lake, wakitukanana kwenye simu mpaka mama anafunga mlango. Kwa ajili ya mechi hiyo kinyozi alifungua duka saa tano siku za Jumamosi, na aliandika hivyo kwenye kibao. Bado alikuja kumnyoa Prufu kila baada ya wiki tatu. Waliongea mambo yote duniani isipokuwa gemu. Kibao cha dukani, fundi alikiona juzi alipopita, kilikuwa bado kinasema Jumamosi saa tano.

"Nilishajaribu," alisema Prufu. "Unakumbuka? Mlinisukuma mpaka mezani, kiti kikagoma kuingia, nikawa nasoma skrini kama mtu anayesoma bango la ng'ambo ya barabara. Na kila kitu kinaanza na kipanya. Mkono wangu haufiki kwenye kipanya."

"Mimi sizungumzii meza. Nazungumzia hapa. Kasha linakaa kwenye kabati la televisheni, skrini ni televisheni yenyewe, na wewe unashika pedi ya gemu mapajani. Pedi inaendeshwa na vidole vingapi?"

Alifikiri, ingawa jibu alilijua. "Vinne."

"Unavyo vinne."

"Nani ataiwasha?"

"Wewe."

"Ikiniuliza neno la siri?"

"Haitakuuliza."

"Ikileta kale kadirisha, sijui nini kimepitwa na wakati, bonyeza hapa, bonyeza pale?"

"Hakatakuwepo."

Prufu alitazama godoro, ambalo sasa lilikuwa linatolewa pamoja na mito miwili ya bure. "Basi sharti moja. Siku mtu akilazimika kunyanyuka aje aiguse ndiyo mimi nicheze, hiyo siku inakwenda stoo. Na gemu halitajwi tena humu ndani. Na kinyozi asichokozwe."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Lifti mpya tunaipa siku kumi na nne za majaribio."

"Mimi si lifti, dada."

"Nimekubali," alisema fundi.

Jumapili mbili zilienda kwenye kazi hiyo. Kasha lilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limegeuka blanketi; alilitoa kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, akiwa uani, kitambaa puani. Feni moja ilikuwa inalia kama inasaga mchanga, akaweka nyingine, kubwa na ya mwendo wa taratibu, maana sebuleni watu wanaongea. Akafuta dawa ya kupoza joto iliyokauka juu ya chipu kuu na kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kisha akalaza kasha kwenye kabati la televisheni, akavuta waya mmoja mfupi kuliunganisha na televisheni, na ndipo mama akaingia.

"Hilo sanduku litakaa hapo?"

"Hapo hapo."

"Mbele ya wageni?"

"Wageni gani, mama?"

"Wakija." Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kufuma. "Nitalifunika."

"Ukilifunika linakosa hewa. Litaungua."

"Televisheni ya zamani niliifunika miaka kumi na miwili, haikuungua."

"Ile ilikuwa haifikiri," alisema Prufu kutoka kwenye kiti chake. Kwa wiki nzima hilo lilikuwa neno lake la kwanza ambalo hakuna aliyemuuliza. Mama alitandika kitambaa upande wa pili wa kabati, akaweka chombo cha maua juu yake, na mpaka ukawa umechorwa.

Kazi yenyewe ngumu haikuwa ya bisibisi. Kompyuta ya mezani imetengenezwa kwa mtu aliyeketi mezani. Inaamini kwamba kipanya kiko karibu, na kila inaposhtuka inakitafuta. Fundi aliondoa neno la siri. Aliipanga ikiamka ifungue moja kwa moja ile programu inayoonyesha magemu kwa vibao vikubwa, vya kusomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Aliwinda vidirisha vya matangazo na maonyo kimoja kimoja, kama mtu anayeua kunguni. Na aliipanga ilale badala ya kuzimwa, kwa sababu kompyuta iliyozimwa kabisa haisikii pedi, lakini iliyolala, kile kipokezi kidogo cha pedi kilichochomekwa nyuma yake kinabaki macho. Pedi ikibonyezwa, kinaigutusha. Haikukubali mara ya kwanza. Ikilala ilikata umeme wa tundu lile ili kubana matumizi, na ilibidi afungue ukurasa wa ndani kabisa wa mipangilio, ule wa herufi nyeupe unaotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, aupitie wote juu hadi chini, na kila swali alijibu kwa mkono wake.

Kibodi na kipanya alivipeleka stoo na kufunga mlango. Kisha akakaa kwenye kigoda kando ya kiti cha Prufu na kuanza kujifunga vidole kwa utepe mweusi wa umeme.

"Unafanya nini?"

"Nataka kuona unachokiona. Gumba mbili, shahada mbili, viwiko chini."

Prufu alimkagua. "Mkono wa kushoto umeacha kidole cha pete nje."

"Hakifanyi kazi?"

"Kinajifanya."

Akakifunga nacho. Kwa saa mbili alicheza vibaya sana, akawasha, akalaza, akaamsha, akachomoa pedi, akaiacha iishe chaji, akairudisha kwenye kishikizo cha chaji alichokifunga kwenye mkono wa kiti. Kila jaribio aliliandika nyuma ya fomu ya ukaguzi wa lifti, kwa sababu ndiyo karatasi aliyokuwa nayo na ndiyo aliyoizoea: jaribio, kilichotokea, hali. Mistari kumi na miwili. Alipofika mstari wa tisa alikwenda kwenye swichi kubwa ya nyumba, akakata umeme, akaurudisha, akaja kuangalia. Mashine ilikuwa imetulia tuli, hakuna kitu kilichojiwasha chenyewe. Akatia alama, akaendelea na wa kumi. Mwisho akasaini, akaweka tarehe, akaibandika karatasi ubavuni mwa kabati.

"Mwambie kinyozi Jumamosi," alisema.

Jioni ile mama alimsikia Prufu kwenye simu. "Usije na huruma," alikuwa anasema. "Ukija na huruma nitajua, na nitakata."

Jumamosi fundi alikuwa zamu. Kabla ya kutoka alimshika mama mkono.

"Usiguse."

"Niguse nini mimi?"

"Chochote. Hata vumbi."

"Mwanangu, mimi nimeunganisha simu za mawaziri."

"Najua. Usiguse."

Jengo lao la siku hiyo lilikuwa la ghorofa tisa, lifti mbili, moja imefunguliwa kwa matengenezo. Alikuwa pamoja na Breki, fundi mwenzake, mzee aliyebakiza miezi minne kustaafu na ambaye hakuwahi maishani kuharakisha kitu. Saa tatu na nusu umeme ulikatika mtaa mzima. Lifti iliyokuwa inafanya kazi ilisimama katikati ya ghorofa ya tano na ya sita, ndani yake mwanamke mwenye kuku wawili waliogandishwa na maoni makali. Walimshusha kwa mkono, taratibu, kwa kugeuza gurudumu juu ya mashine, Breki akimwambia kila mara kwamba anakuja, mama, anakuja, na yeye akijibu kwamba kuku nao wanayeyuka, baba, wanayeyuka.

Umeme uliporudi, lifti haikusogea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fundi alipanda mpaka chumba cha mashine, akakagua breki, akakagua milango, akashuka ghorofa kwa ghorofa kuhakikisha hakuna aliyesimama pasipotakiwa, kisha akapanda tena na kugeuza ufunguo.

"Polepole," alisema Breki. "Lifti ikijiwasha yenyewe, mtu mguu ndani mguu nje, unatumia wiki nzima polisi unaandika maelezo."

"Najua, mzee."

"Najua unajua. Nimeshazoea kusema."

Simu yake ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini. Alipolifikia ilikuwa saa tano kasoro. Mama alikuwa amepiga mara tano.

"Haiwaki," alisema mama, bila salamu.

"Umeigusa?"

"Sijaigusa! Umeme ulikatika hapa, ukarudi saa nne kasorobo, nikasema afadhali, umewahi. Saa nne akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mwanangu, nimesimama mlangoni namwona anavyobonyeza, mara ishirini, mara thelathini. Nikamwambia niiwashe? Kuna kitufe pale mbele, nakiona. Akasema nikikigusa hasemi na mimi tena. Kinyozi kapiga mara mbili, hakupokea."

"Sasa hivi anafanya nini?"

"Anaangalia kioo cheusi."

"Mpe simu."

Kulikuwa na minong'ono. "Hataki. Anasema stoo ina nafasi."

Fundi alimwomba Breki ruhusa, na Breki akamruhusu bila kuuliza, jambo lililomshtua zaidi ya maswali. Njia nzima alipanga sababu kama anavyozipanga kazini, kuanzia inayowezekana zaidi. Kipokezi kimelegea. Betri ya pedi. Umeme uliporudi kwa nguvu umeunguza kitu. Hilo ndilo aliloliogopa zaidi, kwa sababu kama kadi inayotoa picha kwenye skrini imeungua, hata kwa vipuri ni kazi ya mwezi, na hakuna aliyeahidiwa mwezi. Aliahidiwa mara moja, na mara moja ilikuwa imetumika.

Alifungua mlango akiwa ameshaandaa sentensi yake. Hakuitumia.

Kiti cha Prufu hakikuwa mbele ya televisheni. Kilikuwa dirishani, kwenye mwanga. Miwani ilikuwa puani, ile ya kazi, ambayo dada yake hakuwa ameiona tangu ajali. Kwenye mapaja palikuwa na ubao wa kukatia mboga, juu ya ubao karatasi ya majaribio, na kati ya gumba na shahada ya mkono wa kulia kalamu nyekundu.

"Kaniita mara nne," alisema mama, macho yamemtoka. "Nibandulie karatasi. Niletee miwani. Niletee kalamu, si hiyo, nyekundu. Niletee kitu kigumu cha kuegemeza. Mara nne, ndani ya nusu saa!"

"Keti, dada," alisema Prufu.

Aliketi kwenye kigoda.

"Mstari wa pili, umeandika 'sekunde' bila kusema ngapi. Hilo ni dogo. Mstari wa sita na wa saba ni jaribio lilelile kwa maneno tofauti, kwa hiyo hukufanya majaribio kumi na mawili, umefanya kumi na moja. Mstari wa tisa." Alikuwa ameuzungushia duara jekundu, duara baya lililopinda kama yai. "Hebu usome."

Fundi alisoma kwa sauti. "Kukata umeme na kuurudisha. Inabaki imezima. Sawa."

"Sawa?"

Alisoma tena, kimya. Akaweka kidole juu ya neno la mwisho.

"Mashine iliyolala, umeme ukikatika, inazimika kabisa," alisema Prufu. "Wewe ndiye uliyeniambia, iliyozimwa haisikii pedi. Umeme ukarudi, ikabaki imezima, na wewe ulikuwepo, uliiona kwa macho yako. Sikufundishi kazi. Nauliza tu, kama msoma prufu: nani amesema hii ni sawa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hakuona sababu ya kujificha, na hata angeitafuta asingeipata. "Kwa sababu lifti ikikatiwa umeme haitakiwi kuwaka yenyewe. Inamsubiri fundi aje. Miaka kumi na sita nimeweka alama kwenye mstari huo. Kwenye ukurasa wa mipangilio kulikuwa na swali, umeme ukirudi ifanye nini, na nilichagua ibaki imezima. Haikuwa bahati mbaya, nilichagua. Kosa ni langu. Pedi nzima, mashine nzima."

Jikoni maji yalichemka na hakuna aliyekwenda.

"Nilikwambia mimi si lifti," alisema Prufu.

"Uliniambia."

"Tangu siku ya kwanza nilikwambia!" Na hapo akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomtikisa kalamu ikaanguka, na mama, kabla haijatua, alikuwa ameshainama.

Fundi alisubiri kimalizike. "Sharti lilikuwa mara moja," alisema. Ilikuwa vigumu kulisema, lakini yeye ndiye aliyelikubali. "Ikitaka kuguswa inakwenda stoo. Inataka kuguswa."

Prufu alivua miwani kwa vidole viwili, kazi iliyomchukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Kule kiwandani," alisema, "prufu ya kwanza ikija na kosa, unafikiri tulichoma kitabu? Unaweka alama, inarudi kwa fundi, inakuja prufu ya pili. Sharti langu lilikuwa la kitabu. Hii ilikuwa bado prufu." Akamsogezea karatasi. "Na usipunguze maneno. Yale machaguo ya huo ukurasa yako mangapi?"

"Matatu. Ibaki imezima. Iwake. Au irudi ilivyokuwa kabla."

"Hilo la tatu ni la mjanja. Kama nilikuwa nimeizima kwa bahati mbaya, itarudi ilivyokuwa, yaani imezima. Weka iwake."

"Ikiwaka na wewe huna haja nayo?"

"Italala yenyewe baada ya dakika kumi. Mstari wa nne. Husomi karatasi zako?"

Kibodi ilitoka stoo. Ukurasa wa herufi nyeupe ulifunguliwa kwenye televisheni, mkubwa kama ukuta, na Prufu akausoma wote kutoka kwenye kiti chake kabla hajamruhusu dada yake kubadilisha neno moja. Kisha kibodi ilirudi stoo, mlango ukafungwa, na mama akapelekwa kwenye swichi kubwa, cheo alichokipokea kwa uzito wote wa miaka ishirini na saba.

"Shusha!" alisema Prufu.

"Nimeshusha!"

Friji ikanyamaza. Chumba kikanyamaza.

"Pandisha!"

Friji ilikohoa. Sekunde moja baadaye, kwenye kabati, upande wa pili wa chombo cha maua, taa ndogo nyeupe iliwaka na feni kubwa ikaanza kuvuta pumzi. Fundi alikuwa amekaa juu ya mikono yake mwenyewe, isije ikagusa kitu. Prufu aliivuta rimoti kwa kamba yake, akaamsha televisheni, akasubiri vibao vikubwa vijitokeze. Akashika pedi. Akabonyeza. Kibao kikasogea.

"Tena," alisema.

Mama alishusha na kupandisha mara tano. Mara zote tano iliwaka. Mara ya sita alishusha bila kuambiwa, kwa kunogewa tu.

Kisha Prufu akapiga simu. "Uko wapi?"

"Niko na kichwa cha mtu mkononi," alisema kinyozi. Simu ilikuwa kwenye spika, na mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. "Nimekunyoa nusu, bwana mkubwa, tulia. Si wewe Prufu, huyu hapa. Asubuhi uliniogopa?"

"Umeme."

"Watu wote wakishindwa wanasema umeme."

"Malizia hicho kichwa uwashe mashine yako."

Ngurumo ilizimika. Kinyozi alipojibu sauti yake ilikuwa imelainika, kisha akakumbuka alivyokatazwa huruma, akairudisha ilivyokuwa. "Nipe dakika ishirini. Nitakuchinja."

Alimchinja kweli, tano bila. Prufu alicheza kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake, na baada ya bao la tatu alimtukana mwamuzi, mlinda mlango, pedi na mafundi lifti wote kwa ujumla. Fundi alitazama gumba zile mbili na kuona kwamba kipindi cha pili zilikosea mara chache kuliko cha kwanza. Hilo lilihesabika.

Wiki ya tatu baada ya hapo, siku ya Jumamosi, alikuwa juu ya lifti ya hospitali umeme ulipokatika tena. Ulirudi baada ya kama dakika ishirini. Aligeuza ufunguo wake, akafuta mikono, akatazama simu. Haikuwa imelia. Breki alimwuliza kama mambo ya nyumbani ni shwari, akamjibu kwamba simu kutolia si ushahidi wa kitu chochote. Hakupiga. Alifunga zamu saa nane kamili, wala hakukimbia, ingawa Breki angeweza kuapa vinginevyo.

Mama alimpokea mlangoni akiwa na malalamiko. "Umeme ulikatika, ukarudi, nikamwendea. Nikamwuliza, nikusaidie? Unajua kanijibu nini? Eti, 'Nani kakuita?' Mimi! Nani kakuita!" Alikuwa anatabasamu kiasi kwamba malalamiko hayakukaa sawa mdomoni. "Halafu dakika tano baadaye kaniita, eti nilete maji na barafu, na nisisimame karibu, ninamletea mkosi."

Sebuleni mechi ya marudiano ilikuwa inaendelea, kinyozi akiwa amefunga duka kwa chakula cha mchana, sauti yake ikitoka kwenye simu iliyoegemezwa kifuani. Fundi alisalimia, akaenda stoo, akaleta kibodi.

"Subiri," alisema Prufu kwenye simu. "Mkaguzi amefika." Akasimamisha gemu bila kuambiwa.

Alifungua kumbukumbu ya mashine, ile inayoandika kila tukio na saa yake. Umeme kukatika: saa nne na dakika kumi na mbili. Kuwaka: saa nne na dakika thelathini na moja. Pedi: thelathini na mbili. Gemu: thelathini na tatu. Kati ya mistari hiyo minne hapakuwa na kibodi, hapakuwa na kipanya, hapakuwa na kitufe cha mbele. Alisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akachuchumaa ubavuni mwa kabati, ilipobandikwa tena karatasi, na ndani ya lile duara jekundu lililopinda akaandika tarehe, na chini yake neno moja, lilelile la mwanzo: Sawa.

"Umemaliza?" aliuliza Prufu.

"Nimemaliza."

"Hakuna kosa?"

"Hakuna."

"Basi toka mbele ya televisheni, dada. Ninaongoza mbili moja."